Kiuno kinavuta mchana, nyayo zinaungua usiku. Nimechuliwa mpaka nimechoka

FundiBarabaraYa12

Habari za humu wadau, na wakubwa zangu shikamooni.

Mimi ni fundi cherehani, niko Tanga mjini, Ngamiani. Nina miaka 54. Nashona tangu mwaka 1991: madera, mabaibui, na sare za shule ikifika Desemba. Cherehani yangu ni ile ya kukanyaga, Butterfly nyeusi niliyoachiwa na mama mkwe. Mwanangu alininunulia ya umeme, nimempa msichana anayejifunza kwangu, maana mimi ile inanikimbia.

Shida yangu iko hivi. Mwaka wa pili sasa kiuno upande wa kulia kinanivuta. Kinaanzia hapa juu ya kalio, kinashuka nyuma ya paja, kinapita pembeni ya goti mpaka kwenye shavu la mguu. Nikikaa kwenye cherehani saa moja tu, nikiinuka nasimama nimepinda, wateja wanacheka, nami nacheka nao, nifanyeje. Nikipiga chafya ndiyo usiseme, kama mtu kauvuta uzi kutoka kiunoni hadi kisigino. Misuli ya mgongo nayo imekaza, ukiigusa utadhani ubao wa kupigia pasi.

Halafu kuna la pili, na hili ndilo linaninyima usingizi. Nyayo zinaungua, zote mbili. Lilianza kwenye vidole vya miguu, Ramadhani ya mwaka jana, nikasema ni viatu vya mtumba. Sasa limefika kwenye vifundo. Mchana nikiwa na kazi silisikii sana, lakini nikishalala tu, saa nne, saa tano usiku, ni kama nimekanyaga makaa. Shuka ikinigusa ni kero, natoa miguu nje ya chandarua, mbu wanakula. Saa nyingine si moto, ni sindano, chwi chwi chwi, halafu ganzi.

Niseme niliyokwisha kuyafanya, ili msinirudishe nyuma.

Kuchuliwa nimechuliwa. Kuna bibi mtaani kwetu ana mkono mzuri, anatumia mafuta ya nazi aliyoyapika na karafuu na kitunguu saumu. Akinichua jioni, nalala. Asubuhi kiuno kimerudi pale pale.

Chumvi ya mawe naikaanga kwenye kikaango, naifunga kwenye kipande cha kanga, naikandia kiunoni. Kwa kiuno hii ndiyo kiboko ya yote. Kwa miguu natumia beseni la maji ya moto na chumvi, tena moto wa kweli. Mjukuu wangu akitia kidole anaruka, anasema bibi wewe umekomaa. Napata raha kidogo, halafu nusu saa haijaisha ule moto wa ndani unarudi umekasirika zaidi.

Nimekwenda mpaka kwenye maji ya moto ya Galanos, kule Amboni, yale yanayonuka mayai viza. Siku ile nilirudi kwa miguu yangu nikitembea kama mwari, kesho yake nikawa mimi yule yule. Nimeumikwa chuku mgongoni mara mbili. Habasoda, tangawizi, manjano kwenye maziwa, vyote nimekunywa, na sisemi ni vibaya, angalau chai inakuwa tamu.

Mwaka jana mwishoni shoga yangu aliniletea dawa ya chupa aliyoinunua mnadani, ya mizizi, nyeusi, chungu kama shubiri. Hiyo jamani ndiyo iliyonitibu! Siku ya tatu sikuwa na kiuno, sikuwa na miguu. Nikala, nikanenepa, uso ukawa wa mviringo, watu wakaniambia fundi umependeza. Nikaitumia kama miezi mitatu. Yule muuzaji akahama mnada, chupa ikaisha, na kila kitu kikarudi kwa riba. Miezi minne sasa sijaionja. Nikimpata yule mzee nitanunua ndoo.

Hospitali nilikwenda mara moja, sehemu ambayo sitaitaja. Nikapigwa eksirei ya mgongo, nikaambiwa pingili za chini zimesagika kidogo, "umri huo, mama", nikapewa diklofenaki. Tangu hapo nazinunua mwenyewe dukani, asubuhi moja jioni moja. Tumbo linawaka, lakini mkono unakwenda.

Na jambo la kuchekesha kidogo: napiga cherehani peku, ndivyo nilivyozoea, mguu uisikie pedali. Juzi nimekaa barazani, mjukuu ananiambia, "Bibi, una pini mguuni." Natazama, kweli, pini imezama kwenye unyayo mpaka kichwani. Sijui ilikuwapo tangu lini. Hata haikuuma! Nikasema afadhali, maumivu yamechokana.

Ninachouliza: kuna kitu gani cha taratibu, cha nyumbani, kwa mtu asiyeweza kuacha kukaa? Upasuaji sitaki kuusikia. Na msiniambie nipumzike, nikipumzika tutakula nini.

LoriLaTunduma

Dada yangu pole sana. Mimi ni dereva, Dar–Tunduma miaka 17, huo uzi wa kiunoni naujua mpaka jina lake la utani.

Wangu ulikuwa pochi. Ndiyo, pochi ya fedha, na hata haikuwa na fedha, ilijaa risiti na leseni na picha za watoto. Naiweka mfuko wa nyuma, naikalia saa kumi na mbili kwa siku. Daktari mmoja Mbeya alinipima akaniambia toa hicho kitu ukiweke kwenye dashibodi, unakandamiza mshipa. Baada ya wiki kama tatu nilipata nafuu kubwa.

Wewe huna pochi, lakini hebu angalia unakalia nini. Benchi la mbao tupu? Lina ukingo? Halafu tafuta mpira wa tenisi, simama uupe ukuta mgongo, mpira uwe katikati ya kalio na ukuta, jisugue taratibu pale panapouma. Utaona nyota, baadaye utashukuru.

Kuhusu nyayo sina la kusema, mimi zangu zinanuka tu.

MuuguziMstaafu

Mdogo wangu, wa alaikumu salaam na marahaba. Nimefanya kazi wodini na kliniki miaka 36, sasa nafuga kuku Dodoma. Nimeisoma mada yako mara mbili, na ya pili nimeisoma nimesimama.

Kwanza, hayo si maumivu mamoja. Umeyafunga kwenye kanga moja kwa sababu yote yako miguuni, lakini la kiuno linatoka mgongoni na linashuka upande mmoja. La nyayo liko pande zote mbili, limeanza vidoleni, linapanda kama mtu anayevaa soksi, na linachachamaa usiku. Mchuaji hata awe na mkono wa dhahabu, kuchua kiuno hakutazima nyayo.

Pili, ile pini. Wewe umecheka, mimi sikucheka. Mtu akichomwa na pini mpaka kichwani asijue, basi mishipa ya fahamu ya unyayo imeanza kunyamaza. Na yale maji ambayo mjukuu anayaruka na wewe unayaona ya raha, huko si kukomaa, ni ngozi isiyopeleka tena habari. Ajabu ya ugonjwa huu ndiyo hiyo, mguu ule ule unaungua bila moto na hauusikii moto ukiwapo. Nimewafunga vidonda watu walioingiza miguu kwenye beseni jioni na asubuhi ngozi ikabaki kwenye shuka. Beseni hilo liache leo. Ukitaka kuosha miguu, maji ya vuguvugu, na ayapime mtu mwingine kwa kiwiko.

Umewahi kupima sukari? Sijaona neno hilo popote. Nenda asubuhi kabla hujatia kitu mdomoni. Ikifika 7.0 au zaidi wataipima tena kuthibitisha, na waombe kile kipimo kinachoonyesha wastani wa miezi mitatu. Unakojoa usiku mara ngapi? Kiu je? Sisemi ni lazima iwe sukari. Mishipa ya miguu huumizwa pia na pombe, na upungufu wa vitamini B12, na virusi vya UKIMWI, na dawa ya kifua kikuu ya isoniazidi, ndiyo maana wagonjwa wa TB hupewa vitamini B6 pamoja nayo. Lakini la kwanza kupimwa ni sukari.

Na usikimbilie dukani kununua vile vidonge vyekundu vya vitamini B umeze kwa miezi bila kupimwa. B6 ikizidi sana kwa muda mrefu, yenyewe huleta ganzi hiyo hiyo. Nimeona kichekesho hicho.

Tatu, chupa. Siwezi kujua ndani yake mlikuwa na nini, sikuiona. Ila dawa ya mizizi inayoondoa kila maumivu kwa siku tatu, ikaleta hamu ya kula na uso wa mviringo, sisi tuliokaa wodini tunajua inafanana na nini: deksamethasoni au prednisoloni iliyosagwa ikatiwa humo. Dawa hizo zina kazi zake, lakini zinapandisha sukari na presha, na ukizitumia kwa miezi kisha ukaziacha ghafla mwili unaweza kuishiwa nguvu vibaya. Mwambie daktari habari ya chupa bila kuona haya. Ndoo usinunue.

Na diklofenaki mbili kila siku bila kuangalia presha wala figo, mdogo wangu, hapo unashona shimo moja unatoboa matatu. Tena kwa nyayo zinazoungua hazisaidii kitu. Maumivu ya mishipa yana dawa zake, mojawapo amitriptilini, kipimo kidogo, usiku. Ni dawa iliyotengenezwa kwa ajili ya sonona, kwa hiyo ukipewa usirudi nyumbani unasema wameniona chizi. Inakausha mdomo na kuleta usingizi, na usingizi ndio unaoutafuta.

FundiBarabaraYa12

Dada, umenitoa jasho. Nakojoa usiku mara nne, nilidhani ni kwa sababu siko usingizini, basi naona bora niende. Mama yangu mzazi alikatwa kidole cha mguu kabla hajafa, na walisema ni sukari. Sijui kwa nini hayo mawili sikuyaunganisha. Mtu unaona pindo la mwenzako limefumuka, lako hulioni.

LoriLaTunduma, benchi langu ni la mbao na ukingo upo, umejuaje? Mpira wa tenisi sina, nimetumia ndimu kavu, imepasuka.

Kesho kutwa nakwenda kupima.

TibaAsiliaHalisi

Mama acha kupoteza muda, nina dawa ya unga inatibu sukari, presha, mishipa, nguvu za kiume na majini kwa siku 14. Nicheki pembeni.

LoriLaTunduma

Mkuu, inatibu na springi za lori?

LesoYaPamba

Dadangu wa Tanga, salamu kutoka Mombasa, Old Town. Mimi si daktari, ni mgonjwa tu aliyekaa na moto mwilini miaka minne, kwa hivyo hilo la shuka kuwa kero nalijua vyema kuliko wanavyolijua hao waliolisoma.

Mimi wangu ulikuwa mkanda wa jeshi. Ulinitoka ubavuni upande wa kushoto, ukakauka, watu wakanipa pole wakaenda zao. Upele ulipoondoka moto ukabaki. Nguo ikipita juu yake naona kama nimesuguliwa kwa msasa. Nilikuwa nakaa chumbani na leso iliyolegea tu, siwezi kwenda harusini, siwezi kukumbatiwa na wajukuu.

Nikwambie kosa langu usilirudie. Niliambiwa pilipili inatoa maumivu. Nikachukua pilipili mbuzi, nikaziponda, nikazichemsha ndani ya mafuta, nikajipaka. Wallahi niliona mji wote! Nikakimbilia maji, nayo yakazidi kuusambaza ule mwasho, kwa sababu ule ukali hauyeyuki kwa maji. Ni mafuta ya nazi ndiyo yaliyonisitiri, na sabuni baadaye. Halafu nikajipangusa jicho.

Mwana wa dadangu ana duka la dawa, akacheka mpaka akakaa chini. Kumbe jambo lenyewe ni la kweli, mimi ndiye niliyekosea mizani. Kuna malhamu ya kapsaisini, ndio huo ukali wa pilipili, imepimwa asilimia 0.075. Unapaka kidogo kidogo kwa wiki kadhaa, ile mishipa inachoka kupiga kelele. Akanambia hata Nobeli ya tiba ya mwaka 2021 walipewa David Julius na Ardem Patapoutian, na huyo Julius alitumia ukali wa pilipili kutafuta mlango wa mwili unaohisi moto. Nikamwambia mwambie Julius angeniuliza mimi, mlango nimeuona. Kwako wewe dadangu, kwa kuwa nyayo zako zina ganzi, usiguse pilipili kabla daktari hajaruhusu. Mguu usiosikia pini hautasikia ukiungua.

Sasa nikwambie yaliyonifaa. La kwanza utalidharau: nguo. Nilidhani kitu kisiguse ndio salama. Kumbe kinachochoma ni kile kinachogusa kidogo, kinachopita pita. Nikachukua leso ya pamba ya zamani, iliyofuliwa mara elfu, nikajifunga ubavu ikakaa imara, si ya kubana pumzi. Moto ukashuka nusu. Wewe jaribu soksi laini za pamba usiku, zisizo na mshono wa kukwaruza wala mpira wa kubana, uone kama shuka litaacha kukuudhi.

La pili, mafuta ya simsim yaliyolazwa na karafuu. Karafuu ina kitu kinachotia ganzi kidogo, ndio maana mwenye jino huiuma. Lakini kwa siri nakwambia nadhani kinachotibu zaidi ni mkono wa binti yangu. Anipake polepole, pembeni ya pale panapouma kwanza, asiingie kati kati moja kwa moja.

La tatu tasbihi. Usiku napovuta uradi, pumzi inatoka ndefu kuliko inavyoingia. Sikusudii kutibu, nakusudia dhikri, lakini mwili unashuka wenyewe. Na alfajiri natembea mpaka Mama Ngina kutazama meli, narudi. Siku nisiyotembea usiku wake huwa mrefu.

Dawa ya hospitali pia natumia, nisikudanganye kuwa ni leso pekee.

MikonoYaMoshi

Mama shikamoo. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, nipo Moshi. Nyayo nawaachia waliotangulia, wamesema vizuri. Mimi nina neno kuhusu kiuno, na kuhusu yule bibi wa mafuta ya karafuu, kwa sababu naona anasingiziwa.

Mtoto akijigonga goti, mama hulisugua na maumivu hupungua. Mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall walieleza kwa nini: kwenye uti wa mgongo kuna kama lango, na habari za kuguswa na kusuguliwa zikijaa langoni, za maumivu hubanwa. Kwa hiyo bibi anakupa nafuu ya kweli. Ila lango halikai limefungwa milele, na asubuhi wewe unarudi kwenye benchi lile lile. Chumvi ya moto pia endelea nayo kiunoni, mradi pale ngozi yako inahisi vizuri na kuna kitambaa kinene katikati, dakika 15 au 20 zinatosha.

Mshipa unaokusumbua ni siatiki, mnene kuliko mishipa yote ya fahamu mwilini, karibu unene wa kidole. Unaanzia kwenye mizizi ya chini ya mgongo na kupita kalioni. Mara nyingi shina la tatizo ni mgongoni. Eksirei ya kusagika isikutishe, wengi wa umri wako wanayo na hawaumwi.

Fanya hivi. Lala kifudifudi kwenye mkeka, mikono pembeni, pumua dakika mbili au tatu. Ukizoea, jiegemeze kwenye viwiko kama mtoto anayesoma kitabu sakafuni. Sikiliza maumivu yanakwenda wapi. Yakitoka kwenye shavu la mguu yakarudi pajani, kisha kalioni, hiyo ni habari njema hata kama kiuno kinauma zaidi kwa muda. Yakishuka kuelekea mguuni, acha, hilo si zoezi lako.

La pili, kaa kwenye kigoda. Nyoosha goti la kulia ukiinua vidole vya mguu, na wakati huo huo tazama juu darini. Ukikunja goti, shusha kidevu kifuani. Unauteleza mshipa ndani ya njia yake kama uzi kwenye tundu la sindano, huuvuti. Mara kumi, asubuhi na jioni. Ukiuma umezidisha.

Sasa cherehani. Ningependa kuiona, lakini naikisia: ni fupi, na magoti yako yako juu kuliko nyonga. Inua kiti, si kwa mto laini unaozama, kwa godoro gumu lililokunjwa, mpaka nyonga ziwe juu kidogo ya magoti. Halafu inua cherehani yenyewe ili usiinamie, vipande vinne vya ubao chini ya miguu yake, vilivyo sawa. Na usikae zaidi ya nusu saa. Najua kazi ina haraka. Weka pasi upande wa pili wa chumba, kila ukimaliza pindo uende kulipiga huko. Kulala kitandani siku nzima hatuwashauri tena wagonjwa wa kiuno, kwa hiyo hilo la kukataa kupumzika ulikuwa sahihi bila kujua.

Usiku lala ubavu, mto katikati ya magoti.

Kitu kimoja sitaki ukisome haraka. Siku ukikuta ganzi imehamia sehemu za siri na makalioni, pale panapogusa tandiko mtu akipanda baiskeli, au mkojo umegoma, au miguu yote miwili imelegea, usisubiri kuchuliwa wala kuandika humu. Ni hospitali kubwa siku hiyo hiyo.

FundiBarabaraYa12

Nimerudi wapenzi. Ni wiki ya sita, nilikuwa na sare.

Sukari ilikutwa 12.6 asubuhi bila kula, na kile kipimo cha miezi mitatu nacho kikasema hivyo hivyo. Presha 162 kwa 96. Figo wamesema bado ni nzima. Daktari, kijana mdogo, nilimweleza habari ya chupa, akaandika muda mrefu kisha akaniuliza kama bado naijua sura ya muuzaji. Diklofenaki ameziondoa. Nimepewa metformini, ya presha, na amitriptilini nusu kidonge cha miligramu 25 usiku. MuuguziMstaafu, sijasema wameniona chizi. Nimelala. Wiki ya kwanza nilikuwa nasinzia mpaka saa nne asubuhi, mdomo mkavu kama kitambaa cha turubai, sasa nimezoea. Na ameniambia kwa hiyo metformini, miaka ikienda, wawe wananipima B12.

Lakini niwasimulie kuhusu uzi. Kliniki kuna dada mmoja alinilaza akaniambia fumba macho. Ana kijiti chenye uzi mgumu wa nailoni, kama wa mvuvi. Akawa anaugusisha kwenye unyayo, sehemu kumi kila mguu, ananiambia ukiusikia sema ndiyo. Nikawa nasema ndiyo, ndiyo, kisha kimya kirefu. Nikamuuliza, umekwenda wapi? Akasema mama, sijaondoka, nimekugusa mara nne. Wadau, mimi uzi nimeushika miaka zaidi ya thelathini, naujua kwa ncha ya kidole gizani kama ni wa pamba au wa nailoni. Nilipofumbua macho nikauona umekunjika juu ya dole gumba langu na mimi sina habari nao. Nililia kidogo pale kitandani. Yule dada akanipa karatasi ya kujifutia akaendelea na mguu wa pili.

Kiuno: ule uzi wa mpaka kisigino umepanda, sasa unaishia juu ya goti. Kulala kifudifudi kulinishinda siku mbili za kwanza, ya tatu nikaona shavu la mguu limetulia, nikasema kumbe huyu mtoto wa Moshi anajua. Cherehani nimeiinua kwa vipande vya mninga, seremala alinicheka, akaja kuvisawazisha mwenyewe. Pasi iko upande wa pili. Bibi wa karafuu bado anakuja Jumatano na Jumamosi, ila nimemkataza kupaka mafuta katikati ya vidole vya miguu, kliniki wamesema panataka kukaa pakavu. Amenuna kidogo.

Nyayo bado zinaungua. Nisiwadanganye. Zilikuwa zinaungua usiku kucha, sasa ni kwa muda wa saa mbili hivi, halafu zinanyamaza. Soksi za LesoYaPamba nimezishona mwenyewe kwa fulana kuukuu, mshono nimeutoa nje. Maji ya kuoshea anayapima mjukuu kwa kiwiko, amejipa cheo, anasema "daktari amekataa, ongeza baridi."

Kila jioni ananikagua miguu, juu na chini, anahesabu vidole. Na cherehani sasa naipiga na viatu, raba nyeupe za kufunga kamba, kwa amri. Mguu hauisikii pedali, unakwenda kama wa mtu mwingine. Dera la kwanza nililoshona na raba lilikwenda upogo kuanzia kwapani mpaka chini. Mteja sikumpa. Nimelivaa leo.